Jibu: Picha ya angani inapotea ikitoka Civil 3D

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini picha ya angani unaiona vizuri kwenye Civil 3D (programu ya kuchora barabara ya Autodesk), lakini mwenzako wa OpenRoads (programu kama hiyo ya Bentley) anapata mistari mitupu ya mchoro. Picha hiyo haimo kwenye faili yako, inaletwa na intaneti. Hata ukiinasa kwa amri ya GEOMAPIMAGE, inabaki ndani ya mchoro, haigeuki faili ya picha ya kumpa mtu.

Tumia picha yenu wenyewe, ya droni au ya setilaiti mliyoinunua. Ifungue kwenye QGIS (programu ya ramani ya bure), uihifadhi kama GeoTIFF, yaani picha yenye kodineti zake ndani, katika mfumo wa kodineti wa UTM kanda ya 37 Kusini, WGS 84, ambao namba yake kwenye programu ni EPSG:32737. Mpe mwenzako pamoja na faili ya tfw, faili ndogo ya maandishi inayosema picha inakaa wapi, folda moja, jina lile lile. Kisha ifungue hiyo tfw kwa Notepad: ni mistari 6 ya namba. Miwili ya mwisho ni kodineti za pikseli ya kwanza. Kwa kisiwani Mombasa utaona kama 574000 na 9552000, ambazo ni mita. Ukiona 39.6 na -4.0, hizo ni digrii, rudia kuihifadhi.

Tena angalia sana Arc 1960, mfumo wa zamani wa kodineti wa Afrika Mashariki, maana ramani nyingi za zamani za upimaji ziko humo. Ukiichanganya na WGS 84, picha inahama takriban mita 300. Mimi barabara yangu karibu na daraja la Nyali ilitua baharini, nikahangaika siku nzima.

Kwenye Civil 3D ingiza picha hiyo kwa amri ya MAPIINSERT. Amri ya IMAGEATTACH haisomi kodineti.