Maswali Yenu: Mashine ya bibi inakata kila ikifika mchana

SWALI: Dada shikamoo. Naishi na bibi yangu hapa Tanga, ana miaka 74, mwaka jana alipata mashine ya kusikia ile ya kuning'iniza nyuma ya sikio na mwanzo alifurahi sana, akawa anasikia mpaka mvua ikianza kudondoka kwenye bati, lakini tangu masika yaanze asubuhi inawaka vizuri ikifika mchana inakata, mara inarudi mara imekata tena. Jirani akasema tuiweke kwenye mchele kama simu, tumeiweka siku mbili wapi. Betri tunabadilisha kila siku tatu na hela yenyewe ndo hivyo. Sasa bibi hataki kuivaa kabisa, imekaa kabatini. Tufanyeje? (Mjukuu, Tanga)

JIBU: Marahaba mjukuu, na bibi mfikishie shikamoo yangu. Kwanza kama bado mnairudisha kwenye mchele acheni leo hii, mchele una vumbi lake lile la unga na linaingia kwenye vitundu vya maiki, halafu unyevu wenyewe hautoki wa maana.

Sasa nikuulize, bibi anaswali? Nauliza kwa sababu mama yangu mzazi alikuwa na tatizo hilihili, inakata mchana kila siku, tumeirudisha kwa fundi mara mbili anasema nzima. Siku moja nikakaa tu namwangalia anavyochukua udhu wa Adhuhuri, akaivua mashine akaiweka pale ukingoni mwa ndoo, akapaka maji masikio kama inavyotakiwa, ndani na nyuma, alipomaliza akaichukua kwa vidole vya maji akairudisha sikioni hapohapo. Nikamwomba anipe, nikauinua ule mrija unaopeleka sauti sikioni kwenye mwanga wa dirisha, tone la maji limekaa katikati kama shanga. Sauti haipiti kwenye maji jamani, na hiyo ni mara tano kwa siku, ongeza jasho la chini ya ushungi na hewa yenu ya Tanga wakati wa masika.

Kwa hiyo msimkataze udhu wala kumharakisha, mtafutieni kikopo chenye mfuniko akae nacho mbali na maji, na kitambaa kikavu cha pamba, kipande cha khanga ya zamani kinafaa sana. Akimaliza afute mikono, afute sikio mpaka nyuma, asubiri kidogo likauke ndo avae. Mafuta ya nazi ya nywele na poda vilevile, apake kwanza vikauke, mashine iwe ya mwisho.

Usiku ndo kuna kazi yenyewe. Akiivua mfute kwa kitambaa kikavu, mfungue kile kimlango cha betri wazi kabisa, hapo inazimika na unyevu unapata pa kutokea. Nunueni kopo linalobana vizuri mtie silika jeli, zile chenga za kunyonya maji (vile vifuko vya kwenye boksi la viatu vimeshakaa wazi siku nyingi, mara nyingi havina nguvu tena), mashine ilale humo mpaka asubuhi. Betri itoeni kabla, ibaki nje, maana silika inaikausha betri nayo.

Ile moldi, yaani kile kipande kinachoingia sikioni, mara moja kwa wiki ichomoeni pamoja na mrija wake, muioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, mpulize maji yatoke mrijani kwa kile kipira cha kupulizia, iachwe usiku kucha ikauke. Ila mashine yenyewe haiguswi na maji wala spiriti! Na mrija ukishakuwa wa njano na mgumu, umezeeka, ubadilishwe, wengi hubadilisha kila miezi mitatu mpaka sita.

Siku tatu kwa betri ni chache mno kwa mashine ya nyuma ya sikio. Angalia rangi ya pakiti, ya chungwa ni namba 13, hiyo kwa kawaida inafika wiki au inapita, ya bluu ni namba 675 na hiyo hukaa zaidi. Isije ikawa mnauziwa ya saa, kuna betri ya saa ina umbo sawasawa na 675 inaingia bila shida yoyote lakini haiwezi kazi hiyo, inaisha upesi. Ya mashine ya kusikia ina vitundu vidogo upande wa jumlisha, inafanya kazi kwa hewa, ndo maana ina kile kistika. Ukikibandua subiri dakika mbili tatu kabla ya kuitia, na ukishabandua basi, kukirudishia hakuizuii tena kuisha.

Asubuhi kabla hajavaa iwashe uifumbate mkononi, ikipiga mluzi ujue iko hai. Halafu kaa naye ana kwa ana chumba kimetulia muongee mambo anayoyapenda, nusu saa tu, kesho tena. Mzee akishaaibika mara mbili tatu mbele za watu na mashine inayokata hawezi kuirudia kwa kuambiwa tu, lazima aone mwenyewe kwamba haimwangushi.

SWALI: Mwanangu wa miaka minne anavaa mashine mbili, zimeanza kupiga mluzi hata akikaa tu. Tena kuna mdogo wake anatambaa, naogopa hizo betri. (Mama wawili, Mombasa)

JIBU: Akikumbatiwa mluzi ni kawaida. Akikaa tu, mara nyingi sikio limekua moldi imebaki ndogo, sauti inavuja inarudi kwenye maiki. Usipunguze sauti ili mluzi unyamaze, utamnyima maneno, na umri huu ndo anajifunza kuongea. Mpeleke achukuliwe vipimo vya moldi mpya, na wamwangalie nta pia, wewe nyumbani usimwingize pamba za vijiti maana zinaisukuma ndani.

Kuhusu betri una haki ya kuogopa. Omba vimlango vya kufunga vya watoto, mpya na zilizokwisha zote juu ya kabati, na kila ukibadilisha hesabu. Mtoto akimeza, au akiitia puani au sikioni, ni hospitali saa hiyohiyo hata kama anacheza vizuri, usimtapishe, beba na pakiti. Inaunguza nyama kwa ndani, ukisubiri mpaka alie umechelewa.

SWALI: Niko Muscat, nikitoka ofisini kwenye AC sauti inafifia. Mashine mbovu? (Msomaji, Oman)

JIBU: Sidhani. Mrija umepoa kwa AC, ukitoka nje hewa ya joto yenye unyevu inagandia humo matone, kama glasi ya maji baridi inavyotoka jasho. Tembea na kipira cha kupulizia, chomoa moldi, puliza, rudisha. Ikiendelea hata baada ya hapo peleka kwa fundi, na kwenye gari usiiache hata dakika kumi, kwa jua la huko.