Kijana wa sekondari anayesoma biashara: aanze na daftari la kibanda cha mama yake

Mkuu, nimeona wengi wamekutajia vitabu. Mimi naomba nikujibu kwa njia nyingine. Umesema mpwa wako yuko kidato cha pili huko Temeke, kwenye somo la biashara anapata alama nzuri, maana ya mtaji, faida na hasara anaitaja bila kigugumizi, lakini mama yake alipomuuliza kibanda chao cha chipsi kinaleta faida kiasi gani akakosa la kusema. Unataka kujua afundishwe nini likizo hii. Mimi nina duka la rejareja Tandika, na jioni nawasaidia vijana wa mtaani somo hilohilo pamoja na utunzaji wa hesabu, kwa hiyo nazungumzia ninayoyaona kila siku.

Jambo linalobeba mengine yote ni hili: pesa iliyomo kwenye droo jioni siyo faida. Kijana akilielewa kwa namba za nyumbani kwao, sura nyingi za kitabu zitamwingia bila kusukumwa. Asipolielewa atamaliza kidato cha nne akiwa na maneno tu. Kuna watu wazima wenye fremu nzuri kabisa Kariakoo wanaojenga nyumba kwa pesa ya mzigo wakidhani ni faida, hadi siku mzigo unapoisha dukani na cha kununulia mwingine hakuna.

Basi akae na dada yako, wanunue kaunta buku moja, waandike siku nzima. Namba zangu ni za mfano, waweke za kwao. Tuseme kwa siku wanatumia viazi vya 30,000, mafuta ya 14,000, mkaa wa 6,000, trei mbili za mayai kwa 9,000 kila moja, na nyanya, vitunguu, tomato na vifungashio 4,000. Jumla 72,000. Wanauza sahani 30 za chipsi kavu kwa 1,500 na sahani 30 za chipsi mayai kwa 2,500. Mauzo ni 120,000. Ukitoa 72,000 inabaki 48,000, na hiyo ndiyo faida ghafi. Hapa ndipo wengi wanaposimama, wanasema leo tumepata elfu arobaini na nane.

Bado hawajapata. Kuna pango la kibanda, tuseme 90,000 kwa mwezi, ambayo ni 3,000 kwa siku. Kuna kijana wa kumenya viazi na kuosha vyombo, 10,000. Umeme, taka na mlinzi, 3,000. Hizo ni 16,000 ambazo dada yako atazilipa hata mvua ikinyesha kutwa na asiuze sahani hata moja. Imebaki 32,000. Kisha kuna kabati la kioo, karai na jiko. Kama vilinunuliwa kwa 540,000 na vinadumu miaka mitatu, vinachakaa kwa 15,000 kila mwezi, yaani 500 kwa siku. Hakuna anayekuja kuidai hiyo 500, ndiyo maana watu hawaihesabu, ila siku karai likitoboka ndipo wanakwenda kukopa. Sasa tuko kwenye 31,500.

Halafu mwulize mpwa wako: mama angeajiriwa kwenye kibanda cha mtu mwingine angelipwa kiasi gani? Kama ni 10,000 kwa siku, basi katika ile 31,500 kuna 10,000 ambayo ni ujira wa jasho lake. Faida ya biashara yenyewe ni 21,500. Wachumi wanaiita gharama ya fursa, kile unachokiacha ili ufanye hiki. Kijana akiiona kwa mama yake mwenyewe hataisahau.

Ametoka 120,000 hadi 21,500, na njiani amekutana na mauzo, gharama zinazobadilika, gharama za kudumu, uchakavu, faida ghafi na faida halisi. Ni sura tatu nne za kitabu hizo.

Kutoka hapo aende kwenye swali ninalolipenda kuliko yote: ni sahani ngapi lazima ziuzwe ili wasipate hasara? Sahani 60 zimeleta 120,000, kwa wastani 2,000 kila moja. Gharama zinazobadilika ni 72,000, wastani 1,200 kwa sahani. Kila sahani inaacha 800. Gharama za kudumu, tukiiacha pembeni kwa sasa ile 500 ya uchakavu, ni 16,000. Gawa kwa 800, unapata sahani 20. Hadi sahani ya ishirini dada yako anamfanyia kazi mwenye kibanda, kijana wa viazi na mlinzi. Ya ishirini na moja ndiyo inaanza kumlipa yeye. Sasa pandisha mafuta kutoka 14,000 hadi 20,000. Kila sahani inaacha 700, na wanahitaji sahani 23. Hili siyo la kufikirika. Mwaka 2022 Indonesia ilizuia kwa wiki kadhaa kuuza nje mafuta ya mawese, wakati vita vya Ukraine tayari vilikuwa vimebana mafuta ya alizeti, na bei ya mafuta ya kula ikapanda hadi huku kwetu kwa sababu sehemu kubwa tunaagiza. Somo la mazingira ya nje ya biashara akilipata kwa njia hii, ataona kwamba uamuzi wa serikali ya Jakarta unaweza kufika kwenye karai la Temeke. Vilevile Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, kila muuza duka, mimi nikiwemo, alilazimika kuhesabu upya bei ya kifungashio.

Kwenye manunuzi afundishwe kuuliza bei ya kilo, asiishie bei ya gunia. Viazi vinatoka Njombe na Mbeya, na gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, linaonekana nafuu kwa macho, ingawa Wakala wa Vipimo hawaruhusu ufungashaji huo. Apime. Apime na maganda pia. Nina binti mmoja kwenye twisheni, kidato cha pili kama mpwa wako, niliyempa kazi hiyo. Alichukua kilo tano za viazi vidogo vya bei ya chini na kilo tano za vikubwa, akamenya zote, akapima kilichobaki. Vile vidogo vilikwenda sana na maganda, na vipande vyake vilikuwa vifupi, sahani haijai kwa macho ya mteja. Akaandika bei ya kilo moja ya kiazi kilichomenywa. Vikubwa vilikuwa nafuu. Mama yake, ambaye kazi hiyo ameifanya tangu binti akiwa mdogo, akabadilisha anakonunua. Mtoto yule hesabu za asilimia hazimtishi tena.

Yeye huyohuyo ndiye aliyeona kwamba droo ya Jumapili hailingani na mauzo. Mama alikuwa akitoa humo hisa ya kikoba. Kuchangia kikoba ni jambo jema, tatizo ni kwamba halikuandikwa popote. Mwenye biashara akitoa pesa au akila bidhaa yake, hayo ni matumizi binafsi, na yana safu yake daftarini. Chipsi wanazokula watoto wa nyumbani usiku nazo ziandikwe. Kwa hili mimi sina mchezo: biashara ni mtu wa pembeni, hata kama inafanyikia barazani kwenu. Luca Pacioli, mtawa wa Italia, alichapisha kitabu Venice mwaka 1494 kilichoeleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila tukio mara mbili, pesa ilikotoka na ilikokwenda. Shule zetu zinafundisha njia hiyohiyo hadi leo. Kikoba kikiandikwa, pande mbili zinakutana.

Asilimia ya faida inawasumbua wengi kwenye mitihani. Umenunua kitu 800, umeuza 1,000. Faida 200 ni asilimia 25 ya bei ya kununulia, lakini ni asilimia 20 ya bei ya kuuzia. Akariri kuuliza "asilimia ya nini?" kabla ya kushika kalamu.

Siku moja mpeleke Kariakoo, asubuhi, kabla joto halijakolea. Amwone muuza jumla anayepata shilingi mia tano tu kwenye dazeni, aulize anamaliza mzigo kwa siku ngapi. Kwa kitabu unaitwa mzunguko wa bidhaa: pesa ileile ikizunguka mara nne kwa mwezi, faida ndogo inazidi faida kubwa ya bidhaa iliyokaa rafu miezi mitatu. Amwangalie winga anavyomdaka mteja njiani, anampeleka dukani na kuongeza chake juu ya bei. Watu wanawalaumu mawinga, mimi naona kijana ajiulize kwanza winga anauza nini: anauza taarifa, anajua duka gani lina saizi gani na rangi gani. Mteja akiipata taarifa hiyo kwa simu, kazi ya winga inabadilika. Na aulize kuhusu mali kauli, mzigo unaopewa bila pesa, unalipa ukishauza. Hiyo ni mikopo ya biashara ambayo vitabuni ina kurasa nyingi, na dhamana yake ni jina lako tu. Ukichelewesha mara moja, mtaa mzima unajua. Akienda Januari ataona pia mahitaji yanavyopandisha bei kwenye sare na madaftari, kama anavyoona nyumbani kwa mihogo na magimbi Ramadhani ikiingia.

Kuhusu mikopo nitakaza kidogo, maana akina mama wengi wa Dar wameumizwa na kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Chukua mfano: umepewa 100,000, unarudisha 5,000 kila siku kwa siku 26. Jumla 130,000. Anayekopesha atasema riba ni asilimia 30. Mwambie kijana ahesabu tena. Ile laki hukukaa nayo siku zote 26, kwa sababu ulianza kuirudisha kesho yake. Kwa wastani mkononi ulikuwa na kama nusu yake, 50,000. Umelipa 30,000 kwa kutumia 50,000, karibu asilimia 60, tena kwa chini ya mwezi. Kisha arudi kwenye kibanda: sahani moja inaacha 800, kwa hiyo 5,000 ya kila siku inakula sahani saba hivi. Kiwango cha kurudisha gharama kinatoka sahani 20 hadi 27. Kijana aliyefanya hesabu hii hawezi kusaini karatasi ile kwa pupa.

Aina za umiliki wa biashara zipite haraka, isipokuwa sehemu moja inayochanganya hata watu wazima. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, hakukutenganishi na madeni ya biashara. Cheti kinaonyesha jina unalofanyia kazi, basi, na biashara ikidaiwa, wewe unadaiwa, hadi kitanda chako. Kampuni yenye dhima ya kikomo, yaani ambayo mwenye hisa habebeshwi madeni yake yote, ndiyo mtu mwingine mbele ya sheria. Msingi huo uliwekwa wazi London mwaka 1897 katika kesi ya Aron Salomon, mtengeneza viatu aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni. Kampuni ilipofilisika wadai walitaka kumfuata yeye binafsi, na mahakama ya juu ikasema kampuni na Salomon ni wawili tofauti. Hisa nazo aelewe kuwa ni kipande cha mtu huyo wa pili. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 na kampuni ya gesi ya TOL, na mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma kwa shilingi 850 kila moja. Kwa hiyo mtu wa kawaida mwenye kuuza chipsi anaweza kumiliki kipande cha kampuni kubwa, na kipande hicho kinaweza kushuka thamani.

Bima iguswe pia. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, wapo walioona mzigo wao wote ukiisha usiku mmoja. Amuulize mama: kibanda kikiungua, tunaanza na nini? Kama jibu halipo, watenge kiasi kidogo kila siku na kiwe na safu yake.

Masuala ya uongozi, masoko na mpango wa biashara yasubiri. Mpango wa biashara wa kurasa ishirini kwa mtoto ambaye hajajua bei ya kilo ya kiazi kilichomenywa ni kumchosha tu.

Kwa kuanzia, safu sita zinatosha: tarehe, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka ya bidhaa, pesa iliyotoka ya gharama za kudumu, matumizi binafsi, na madeni, yaani anayedaiwa na anayetudai. Malipo ya simu yaandikwe siku ileile yanapoingia, pamoja na makato, usisubiri kutoa. Mwisho wa siku ahesabu pesa za droo na za kwenye simu, alinganishe na daftari, na tofauti yoyote aiandike hata kama ni mia mbili. Zikitimia wiki mbili, mkuu, weka hapa picha za kurasa, ufunike majina ya wadaiwa, nitazipitia pamoja naye mstari kwa mstari.