Mstari wa mililita si gramu

SWALI: Shikamoo mama. Nilipata maelekezo ya keki yanayotaka unga gramu 300 na sukari gramu 200. Mizani sina, ila nina jagi ya kupimia yenye mistari ya mililita. Nikajaza unga hadi 300, sukari hadi 200, mengine nikayafuata yalivyo. Mchanganyiko ulikuwa mwepesi mno, na keki ikabonyea katikati kama sahani. Nimekosea wapi, nami vipimo nilivishika?
Msomaji asiye na mizani

JIBU: Marahaba mwanangu. Vipimo ulivishika, ila ulishika vya maji. Jagi hupima nafasi, mizani hupima uzito. Mililita 300 za maji zina gramu 300, lakini unga una hewa tele kati ya chembe zake: ukifika mstari wa 300 umepata kama gramu 155 tu. Ulitia nusu ya unga! Sukari haikupungua sana, ulipata kama gramu 165, na ndiyo maana keki ilikosa kitu cha kuishikilia.

Mimi mwenyewe nilinunua mizani baada ya miaka mingi ya kujiona fundi. Siku ya kwanza nilipima kikombe kimoja cha mililita 240 mara tatu. Nilipokizamisha mfukoni mwa unga na kukijaza, gramu 151. Nilipotia unga kwa kijiko, taratibu, nikasawazisha kwa mgongo wa kisu, 123. Nilipouchekecha kwanza, 112. Unga uleule, mkono uleule, na miaka yote hiyo nilikuwa nalaumu oveni.

Kwa hiyo tia kwa kijiko, usishindilie, wala usigongegonge jagi mezani, maana unga utashuka na utaongeza mwingine bila kujua. Ukipima hivyo, gramu 300 zitafika kwenye mililita 575 hivi. Sukari ya kawaida haina matata: gramu 200 ni mililita 240. Mafuta ya maji ni mepesi kidogo kuliko maji, gramu 100 hukaribia mililita 110. Asali ndiyo nzito, gramu 100 ni kama mililita 70. Paka kikombe mafuta kwanza, la sivyo nusu yake itabaki imeng'ang'ania ukutani.

Maelekezo yakisema "kikombe", usichukue kikombe chochote cha chai. Cha Marekani ni kama mililita 240, kwingine ni 250, na kile unachonywea asubuhi huenda kinaingiza 300. Kijaze maji, yamimine kwenye jagi, usome. Kijiko cha chakula ni mililita 15, isipokuwa Australia ambako ni 20. Chumvi mimi sipimi kwa kijiko pale aina inapobadilika: ya mawe huacha nafasi nyingi, kijiko chake ni chepesi kuliko cha chumvi laini.

Ukipata uwezo, nunua mizani ndogo inayorudi sifuri ikiwa na bakuli juu yake. Utatia unga, urudishe sifuri, utie sukari, na vyombo vya kuosha vitapungua.

Na hiyo keki iliyobonyea, kama bado ipo, jaza matunda kwenye shimo lake ule.