Matatu yetu ina jina, mbona haina makala?

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Kakamega na nasimamia klabu ya wanafunzi wanaoandikia kamusi elezo ya Kiswahili mtandaoni. Muhula uliopita waliandika makala nne: ya matatu ya Kakamega–Kisumu ambayo kila mtoto hapa anaijua kwa jina, ya ndege aliyojiundia fundi mmoja wa jua kali, ya meli MV Uhuru, na ya Toyota Probox. Mbili za kwanza zimefutwa, Uhuru imebaki, na Probox imewekewa alama ya "ipanuliwe". Wanafunzi wananiuliza, meli kuukuu inaishindaje ndege iliyoundwa na Mkenya? Mnapima kwa kipimo gani?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza vizuri kuliko walivyojibiwa. Mhariri anayefuta makala huacha mstari mmoja tu, "haikidhi vigezo vya umaarufu", kisha huyoo, amekwenda zake. Na neno hilo umaarufu ndilo linalowapoteza watu. Mitaani, maarufu ni yule anayejulikana na wengi. Matatu yenu inajulikana kutoka Chavakali mpaka Kondele, lakini huo sio umaarufu tunaoutafuta. Ningekuwa na mamlaka ningelibadilisha neno lenyewe.

Tunachouliza ni hiki: je, watu wasiokimiliki chombo hicho, wasiokiuza wala kula kutokana nacho, wameandika habari zake kwa kirefu, na wakaandika mahali ambapo kuna mtu wa kuwasahihisha? Vyanzo viwili vitatu vya namna hiyo vikiwapo, makala inasimama. Visipokuwapo, mwandishi atajaza nafasi kwa anachokijua yeye, na msomaji wa Lamu hatakuwa na njia ya kujua kama ameambiwa kweli. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika Wikipedia na kwingineko, ila kila mahali huipa maneno yake.

Sasa Uhuru. Uzee haukuisaidia kitu. Kilichoiokoa ni makaratasi. Meli ile ilijengwa na kampuni ya Yarrow ya Glasgow, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kisumu katikati ya miaka ya 1960, kazi yake kuvusha mabehewa ya reli ziwani. Kumbukumbu za shirika la reli zinaitaja, majarida ya wajenzi wa meli yanaitaja, na ilipofufuliwa 2019 baada ya kulala zaidi ya miaka kumi, magazeti yaliiandika tena. Meli karibu zote ndivyo zilivyo. Hujengwa moja moja, hupewa jina, husajiliwa, hukaguliwa, na kila moja hufa kifo chake. Hata stima za kwanza za ziwa letu, kama SS William Mackinnon iliyoelea 1900 na SS Winifred ya 1902, zina habari za kutosha kila moja kwa nafsi yake, ingawa aliyewahi kuziona zikitoa moshi hayupo tena.

Ndege ni kinyume chake. Cessna 172 zimeundwa zaidi ya 44,000. Boeing 737 zimepita 10,000. Hapo anayestahili makala ni modeli, si ndege moja moja. Kila ndege ya Kenya ina namba yake inayoanza na 5Y, lakini namba ya usajili ni kama namba ya kitambulisho: inathibitisha kwamba upo, haisemi kwamba una la kusimuliwa.

Mfano ninaoupenda upo hapa hapa ziwani. Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, ilianza kupitia Kisumu 1931, na kuanzia 1937 ikawa inaleta zile ndege kubwa za Short Empire zilizokuwa zikitua majini, safari ya Southampton hadi Durban. Zilijengwa 42, nyingi zikapewa majina yanayoanza na C: Canopus, Caledonia, Centaurus, Corsair. Majina mazuri kweli, lakini zote zinatoshea katika makala moja ya modeli, pamoja na jedwali la kuonyesha kila moja iliishia wapi. Isipokuwa Corsair. Machi 1939 iliondoka Port Bell kwenda Juba, ikapotea njia na kutua kwenye mto mwembamba huko Kongo ya Wabelgiji. Walikaa huko miezi, wakaitengeneza, wakaziba mto maji yajae, na Januari 1940 ikaruka. Watu wamekiandikia kisa hicho kwa kirefu mpaka leo. Corsair ilitoka kiwandani sawa na dada zake, injini zile zile, mabawa yale yale. Kilichoipa haki ya makala ni maisha yake, na kwamba kuna walioyaandika.

Wanafunzi watasema: basi hata matatu yetu ina jina na ina maisha. Ni kweli, ila jina peke yake halitoshi. Nenda kwenye reli. Miaka ya 1955 na 1956 shirika la reli la Afrika Mashariki lilinunua injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, daraja la 59, kutoka Beyer, Peacock ya Manchester. Hizo ndizo zilizokuwa kubwa kuliko zote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja, na kila moja ilibandikwa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Je, tufungue makala 34? La. Moja ya daraja zima inatosha. Hata ile namba 5918, Mount Gessi, iliyohifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, mimi ningeipa aya mbili ndani ya makala hiyo. Wapo wenzangu wasiokubaliana nami katika hilo, na hoja zao si za kupuuzwa.

Kosa jingine ninaloliona kila wiki ni la kudhani umaarufu hurithiwa, kwamba chombo kimembeba mkubwa au kimekuwapo kwenye tukio kubwa, basi nacho kimekuwa kikubwa. Mwaka 1959 Tom Mboya alipofanikisha safari ya wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani, tukio lile lilistahili makala na linayo. Ndege iliyowabeba haihitaji. Ajali nazo ni hivyo hivyo. Novemba 20, 1974 ndege ya Lufthansa ilianguka ilipokuwa ikiruka kutoka Nairobi, wakafa watu 59, ikawa ajali ya kwanza ya Boeing 747 kuua watu. Makala ni ya ajali. Vivyo hivyo ile ATR 42 ya Precision Air iliyoingia ziwani pale Bukoba Novemba 6, 2022 na kuua watu 19: safari namba 494 ina makala, ndege yenyewe ni sentensi chache ndani yake. Kwa meli desturi ni tofauti kidogo. MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996 mara nyingi huandikwa meli na ajali pamoja, kwa kuwa meli ilikuwa na historia kabla ya siku ile. Mkiona hapo tunajipinga wenyewe, mna haki. Tumeizoea tu, na bado inafanya kazi.

Turudi kwa fundi wenu, maana hapo ndipo roho zinapouma. Niliisoma makala kabla haijafutwa. Mhariri mwenzangu alinitumia nakala. Ilikuwa na vyanzo vitatu, na vyote vitatu ni vya wiki moja: waandishi walifika uani, wakapiga picha, wakanukuu maneno ya fundi, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyemhoji mhandisi. Hakuna aliyerudi mwaka uliofuata kuuliza kama ndege iliruka. Upana wa mabawa, nguvu za injini, kasi inayotarajiwa, vyote vimetoka kinywani mwa fundi mwenyewe. Simshuku. Ila vyanzo vitatu vinavyorudia maneno ya mtu mmoja ni chanzo kimoja.

Na waambie wanafunzi kwamba hatukuifuta kwa sababu haikuruka. Kushindwa hakumnyimi mtu makala. Gari la Nyayo Pioneer ni shahidi wangu. Rais Moi alitoa wazo 1986, Chuo Kikuu cha Nairobi kikapewa kazi, 1990 yakazinduliwa magari matano ya majaribio, na halikuingia sokoni kamwe. Matano tu! Lakini zaidi ya miaka 30 baadaye wachumi, wanahistoria na waandishi wa habari bado wanalirudia, wanabishana kwa nini lilikufa. Kwa hiyo makala ya gari lisilouzwa hata moja inasimama imara kuliko ya modeli fulani ya pikipiki iliyouzwa kwa maelfu, ambayo hakuna aliyeiandika isipokuwa muuzaji wake.

Probox ni kesi nyepesi. Ni modeli ya kiwanda kikubwa, imekuwapo tangu 2002, imeandikwa na watu wengi wasiohusika. Hakuna wa kuifuta. Imeambiwa ipanuliwe kwa sababu wanafunzi walinakili ukubwa wa injini na urefu wa gari kutoka tovuti ya kiwanda, wakaishia hapo. Hayo msomaji atayapata popote. Asichoweza kukipata ni habari ya gari lililotengenezwa Japani kwa ajili ya kubebea mizigo ya ofisi likageuka teksi ya abiria wa kubanana kwenye barabara za Magharibi na Nyanza. Magazeti ya Kenya yameandika habari hizo, yatafuteni. Ila msifungue makala mpya kila kiwanda kinapobadilisha taa za mbele. Toleo hupata makala yake pale makala mama inapokuwa ndefu hata msomaji akachoka, au pale toleo lenyewe linapokuwa na kisa chake, kama 737 MAX na ajali zake za 2018 na 2019.

Matatu yenu nayo isipotee. Aya nzuri niliyoiona humo, inayoeleza jinsi wapakaji rangi wanavyochagua picha na maneno, ihamishieni kwenye makala ya "Matatu" na mtafute chanzo cha kuishikilia. Bodaboda ilianza hivyo hivyo. Wale waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu mpakani Busia hakuna aliyewaandikia makala mmoja mmoja, lakini aina ya usafiri waliyoianzisha leo imeandikwa kuliko treni.

Kuna lawama moja ambayo wanafunzi hawakuitoa, nitaitoa mimi. Kipimo hiki kinampendelea aliyekuwa na kalamu. Stima za wakoloni zina mafaili. Mitumbwi ya ziwani iliyotengenezwa kwa mbao zilizoshonwa, iliyovua na kusafirisha watu kabla ya reli kufika Kisumu 1901, ina kurasa chache za wageni waliopita. Sina dawa kamili. Ninachofanya ni kuwaelekeza watu kwenye aina ya mtumbwi badala ya mtumbwi mmoja, na kwenye tasnifu za vyuo vyetu, Maseno na kwingineko, ambako watafiti wamekaa na mafundi na wavuvi wakaandika walichoambiwa. Tasnifu iliyosahihishwa ni chanzo. Babu yako akikusimulia jioni, hata awe anasema kweli tupu, si chanzo mpaka mtu aje aandike na kuhakiki.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Makala yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya mashua ya mizigo aliyofanyia kazi babu yangu upande wa mama, na ilifutwa ndani ya siku mbili. Nilinuna wiki nzima. Kisha nikaichapisha kwenye karatasi nikachukua mkasi, nikakata kila sentensi iliyotoka kwa babu, kwa mwenye mashua, au kichwani mwangu. Nilibaki na jina la mashua na nukta. Tangu siku hiyo kila makala ya chombo naipitisha kwenye mkasi kabla sijaituma, na nakushauri uwape wanafunzi zoezi hilo darasani kwa mkasi wa kweli na karatasi za kweli. Kilichobaki kikitosha aya tatu zinazosomeka, tumeni. Kikibaki kama jedwali la vipimo, kiwekeni ndani ya makala kubwa zaidi.

Kuhusu ndege ya fundi, msiitupe rasimu. Kama bado iko uani, nendeni mkaipige picha kwa ruhusa yake, mabawa, kiti, injini ilivyofungwa, kisha mkae macho. Siku mwandishi atakaporudi kuiandika upya, au mhandisi akaichambua mahali panapohakikiwa, nitumieni jina la gazeti na tarehe. Nikiyakuta hayo mawili, makala nitairudisha mimi mwenyewe.