Programu Ipange, Dereva Aachiwe Nafasi ya Kurekebisha

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: programu za kupanga njia zimemfaa dereva wa kusambaza mizigo, au zimemfaa mwajiri wake peke yake? Naomba nijibu kwa urefu kidogo, maana hii ndiyo kazi inayonilisha. Naendesha kanta, yaani lori dogo la mizigo, ya kampuni moja ya bidhaa za jumla hapa Kisumu. Tunapeleka unga, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia madukani, kuanzia Nyalenda na Manyatta mpaka Vihiga, Kakamega na sehemu za Siaya. Jina la kampuni nitaliacha. Jibu langu ni kwamba programu imetufaa na sisi, na singependa iondolewe. Kinachoniuma ni kwamba tuliletewa kama amri, ilhali dereva anajua mambo mengi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiingizia.

Nianze na mazuri yake, kwa sababu wenzangu wengi huyaruka. Kupanga maduka ni hesabu ngumu kuliko inavyoonekana. Ukiwa na maduka 10 tu, kuna namna 3,628,800 za kuyafuatanisha. Yakifika 15, namna hizo zinapita trilioni moja. Wataalamu wamehangaika na jambo hili tangu zamani: mwaka 1959, huko Marekani, George Dantzig na John Ramser walichapisha makala kuhusu kupanga malori ya petroli yanayotoka bohari moja kwenda vituo vingi vya mafuta. Kilichowachosha wao leo kinafanyika kwenye simu kabla tanboi, msaidizi wangu wa kupakia na kushusha mizigo, hajamaliza chai. Hakuna dereva, hata awe mkongwe namna gani, atakayeshindana na mashine kwa hesabu hiyo.

Tena kuna suala la haki, ambalo kwangu lina uzito kuliko mafuta yanayookolewa. Zamani msimamizi wa stoo ndiye aliyegawa njia. Ukielewana naye, unapewa maduka ya mjini, saa tisa umerudi. Mkikosana, utaizunguka Siaya wiki nzima na kurudi usiku. Programu haina rafiki. Inagawa kwa uzito wa mzigo na urefu wa safari, na tangu ije, manung'uniko ya asubuhi pale getini yamepungua sana. Nina mwenzangu, dada mmoja kijana, ambaye hataki kusikia mtu akiilaumu. Anasema zamani akiingia kijiji asichokijua giza likikaribia, ilimbidi kusimamisha gari na kuuliza njia kwa wanaume asiowajua. Sasa hasimami. Na dereva akisingiziwa kwamba aliliacha gari barabara ya Busia akaenda na mambo yake, rekodi ya simu inamtetea. Nimeona ikimwokoa mtu kazi.

Sasa nije kwenye kasoro, na hapa ndipo ningependa wenye kampuni wasome polepole.

Watu wa ofisini wanaona orodha ya maduka. Sisi tunaona shehena. Kwenye kanta, mzigo utakaoshuka mwisho ndio unaopakiwa kwanza, unasukumwa mpaka nyuma ya kabini. Utakaoshuka kwanza unakaa mlangoni. Vijana wanapakia alfajiri kwa kufuata orodha ya programu, na wanapakia vizuri. Halafu saa kumi na mbili na nusu oda mpya inaingia, programu inapiga hesabu upya, na duka lililokuwa la mwisho linakuwa la kwanza. Simu imebadilisha mpangilio kwa sekunde moja. Mizigo haijasogea. Tukifika Kiboswa, marobota ya unga yanayotakiwa yako ndani kabisa, nyuma ya katoni za sabuni na madumu ya mafuta. Tanboi anaanza kushusha vitu vya maduka mengine, anavipanga ukingoni mwa barabara, anatoa unga, kisha anavirudisha kimoja kimoja. Mimi nimesimama hapo nachunga katoni zisiondoke na wapita njia, na huku simu inalia kwamba nimekaa kituoni kupita muda niliopewa. Muda huo hupangwa sawa kwa kila duka, liwe linapokea katoni mbili au thelathini, liwe kando ya lami au mwisho wa kichochoro cha Obunga ambamo kanta haipiti na kila kitu kinabebwa begani.

Kuna mvua pia. Anayeishi kanda hii ya ziwa anajua kwamba asubuhi mara nyingi huwa kavu, kisha mawingu hujikusanya na mvua kushuka alasiri, hasa ukipanda kuelekea Maragoli, Tiriki na mpaka wa Nandi. Dereva mzoefu huipanga siku yake kwa kufuata jambo hilo: barabara za udongo anazimaliza mapema, lami anaibakiza kwa mchana, kwa sababu lami hata ikinyeshewa inapitika. Programu inafanya kinyume. Inaanza na duka la karibu, lililo kwenye lami, inanitembeza pole pole kwenda juu, na inanifikisha kwenye udongo mwekundu ng'ambo ya Shamakhokho saa tisa, wakati ule ule mvua inapoanza. Gari lenye tani kadhaa kwenye utelezi wa mteremko ni hatari kwangu, kwa tanboi na kwa mtoto anayetoka shule akitembea ukingoni. Upande wa Kano udongo ni mweusi, nao ukilowa unashika magurudumu usiyaachie. Mwaka 2024, mvua za masika zilipofanya mto Nyando ufurike, programu ilikuwa bado inapendekeza njia ambazo wakazi walikuwa wamezihama. Iliijua barabara, lakini maji haikuyaona.

Tukigeuza mpangilio ili tuanze na udongo, programu inaandika kwamba dereva amekiuka njia. Mwisho wa mwezi makosa hayo yanahesabiwa na bonasi inapunguzwa. Yaani mtu anakatwa kwa sababu alitumia akili na gari likarudi zima.

Jambo la tatu ni kasi. Kwa sheria za Kenya gari la biashara halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na mijini mwisho ni 50. Kanta yetu ina kidhibiti mwendo, kwa hiyo hata nikitaka siwezi. Programu tuliyopewa, kwa jinsi inavyokadiria muda, inatuona kama gari dogo lisilo na mzigo. Kutoka Kisumu mpaka Kakamega ni kilomita 50 hivi, na mtu akiutazama umbali huo kwenye ramani anaweza kusema ni saa moja. Lakini Kisumu iko mita elfu moja na mia kidogo juu ya usawa wa bahari, na ukifika Majengo na Mbale umepita elfu moja na mia tano. Huo ni mlima, unaupanda na mzigo, gia ya chini, matuta mbele ya kila shule na kila soko. Muda wa kufika unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja si wa kweli tangu tunapotoka getini. Mteja anakasirika, dereva mgeni anaharakisha ili aufikie. Ajali nyingine huanzia kwenye saa ya uongo kama hiyo.

Nimewahi kusoma kwamba UPS, kampuni ya kusambaza vifurushi kule Marekani, hupanga njia zake kwa kuepuka kukata kona za kushoto, kwa sababu wao huendesha upande wa kulia na kona ya kushoto inawalazimu kusubiri magari yanayokuja mbele. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kona yetu ya taabu ni ya kulia. Lakini kilichonigusa ni kwamba mtu alikaa akafikiria maisha ya dereva katika makutano ya barabara, akayageuza kuwa sehemu ya hesabu. Hapa kwetu nani amekaa akafikiria Kibuye siku ya Jumapili, soko linapomwagika mpaka barabarani na mikokoteni ikachukua njia yote?

Na kuna pesa. Hili ndilo ningelipigia mstari. Mama mwenye duka dogo pale Luanda, Vihiga, hana pesa za mzigo saa mbili asubuhi. Anauza mkate na maziwa kwanza, anakusanya, na karibu saa tano ndipo anaweza kulipa kwa M-Pesa. Programu inanifikisha kwake saa mbili. Anatoka nje akijifuta mikono na leso, anasema, "Dere, nipitie ukirudi, sijauza." Najibu, "Sawa mama, nitapita." Kwa ofisi mimi nimeshindwa kushusha mzigo, kwa kuwa stoo hairuhusu mali kuachwa bila malipo, na kurudi kwake mchana kunahesabiwa kuwa nimetoka nje ya njia. Lakini yule mama ni mteja wetu wa miaka mingi, na asiponiona atanunua kwa gari la kampuni nyingine litakalopita baadaye. Saa anayopata pesa kila mwenye duka inajulikana. Naijua mimi, anaijua tanboi wangu. Ingekuwa imeandikwa mahali, mashine ingeitumia vizuri kuliko sisi, kwa sababu hesabu ndiyo kazi yake.

Kuhusu alama za mahali zilizo kwenye ramani sitasema mengi, kila msomaji aliyewahi kuagiza kitu anajua taabu yake. Nyumba zetu nyingi hazina namba. Alama ya duka iliwekwa na mtu wa mauzo akiwa juu ya bodaboda, ikaangukia ng'ambo ya kijito. Simu inaniambia nimefika, na duka ninaliona kwa macho kwenye kilima cha pili. Dereva analipata kwa kupiga simu na kuelekezwa kwenye kanisa, mwembe, kinu cha kusagia. Akilipata, hana ruhusa ya kuisogeza alama ile. Kesho mwenzake atapotea pale pale.

Mzee mmoja kati yetu amekataa kabisa kuitumia. Anaiweka simu kwenye dashibodi kwa sababu ni lazima, na anaendesha kwa kichwa chake. Namheshimu, na maduka yake hayalalamiki. Ila akistaafu ataondoka na yote anayoyajua, na kijana atakayerithi njia yake ataanza sifuri. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tuirudishe mashine kwa mwenyewe. Ningependa ujuzi wa mzee huyu uingie ndani yake angali yupo.

Kwa wale wanaodhani dereva hana la kusema mbele ya kompyuta, sheria ipo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake, ikiwa uamuzi huo unamwathiri kwa uzito. Kukatwa bonasi kwa sababu simu imesema umekiuka njia, bila mtu yeyote kukuuliza ulikuwa na sababu gani, naona kunaingia humo. Wengi wetu hatujui haki hiyo ipo, na sidhani wasimamizi wote wanaijua.

Ninachoomba hakihitaji programu mpya. Oda ikiingia baada ya kupakia, isubiri safari ya kesho au iongezwe mwisho, mpangilio wa mizigo iliyokwisha kupakiwa usiguswe. Kasi ya kukadiria iwe ya kanta. Kila duka liandikiwe saa mwenyewe anapoweza kulipa. Dereva awe na namna ya kugeuza mfuatano na kuandika sababu palepale: mvua, daraja, soko, mteja hajauza. Sababu hizo zisomwe na mtu kabla mshahara wa yeyote haujaguswa, na zikijirudia kwa wiki kadhaa ziingizwe kwenye mpango wenyewe. Na atakayeikuta alama ya duka mahali pasipo pake aruhusiwe kuisogeza.

Haya yote yanaweza kufanyika Jumamosi moja mchana, magari yakisharudi, meza moja pale stoo, mtu wa ofisini na kompyuta yake, madereva wakipitia njia zao duka kwa duka. Matanboi nao waitwe. Wao ndio wanaobeba, na wanajua ni mlango upi wa duka unafunguka, ni kichochoro kipi mkokoteni unapita, na ni mwenye duka yupi atakayesema mzigo umepungua kabla hajauhesabu. Na saa hizo walipwe, kwa sababu ni kazi.