Kabla hujapanda mboga nyumbani, pitia kwanza bei za supamaketi

Jamani mwaka wa kwanza nilipohamia huku Goba na kupata kauwanja kadogo nyuma ya nyumba nilikimbilia kupanda vitunguu na nyanya, kwa sababu ndo vitu napikia kila siku, nikajua hapo hela itabaki mfukoni. Vitunguu vilikaa kwenye tuta miezi minne, namwagilia maji ya boza ya kununua, na siku ya kung'oa sikufikisha hata kilo tano. Nyanya ndo usiseme kabisa, mdudu anaitwa kantangaze aliingia akatoboa majani akatoboa na matunda, nikaambulia chache za kachumbari. Wiki ileile naingia supamaketi nakuta kitunguu kilo ni shilingi 2,200. Yani miezi minne ya kubeba ndoo kwa kitu kisichofika elfu kumi na moja.

Iliniuma kwa kweli. Ila nikiwa palepale kwenye friji la mboga nikaona kipakiti cha rehani, vijani vichache tu, gramu 30, bei 2,000. Nikatoa simu nikapiga hesabu ya kilo nzima nikakuta inazidi elfu sitini na sita. Steki ya ng'ombe haifiki hapo! Na rehani kwetu hapa Dar ukiipanda hata kwenye ndoo iliyopasuka inaota.

Toka siku hiyo kabla sijapanda chochote naenda na kidaftari, naandika bei ya kila mboga na uzito wake alafu nageuza yote iwe bei ya kilo. Usiishie kwenye bei ya pakiti, elfu mbili inaonekana ndogo mpaka uone gramu zilizomo.

Ukishaandika utaona mpangilio wenyewe. Kitunguu cha Singida au Mang'ola, viazi vya Njombe, hivi vinakaa kwenye gunia wiki kadhaa haviharibiki, vinajazwa kwenye lori mpaka juu, ndo maana huwezi kushindana na mkulima wa kule ukiwa na tuta moja. Vya bei kubwa ni vile vinavyonyauka: giligilani, mnanaa, rehani, saladi, vitunguu vya majani. Hivyo vinataka friji, vinataka kufungashwa, na vingi vinaishia kutupwa, na hasara ya vilivyotupwa unailipia wewe unayenunua kilichobaki. Sasa wewe ukiwa navyo nje ya mlango wa jiko hayo yote huna, unakata sufuria ikiwa tayari motoni. Kwa hiyo unachookoa ni zile gharama za njiani, kulima kwenyewe wala si gharama kubwa.

Kuna sehemu watu wanakosea hapa na mimi nilikosea. Bei ya supamaketi ina maana kwako kama kweli ungenunua pale. Mchicha kwenye lile friji una bei ya kushtua lakini mimi mchicha nachukua genge la hapa mtaani, fungu ni hela ndogo sana, kwa hiyo nikijiambia nimeokoa elfu tatu najidanganya. Kwenye kidaftari naweka safu ya pili ya bei ya genge, na ile ndogo ndo naitumia. Mchicha bado napanda, wiki tatu nne umeshachuma, na matembele nilipewa vipande vya kuchomeka na jirani bure, ila hivyo napanda kwa sababu najua maji niliyomwagilia. Hesabu ya hela ni kitu kingine.

Alafu bei kubwa nyingine inakuambia hiki kitu hakipendi hapa. Brokoli ni ghali, sawa, lakini inataka baridi ya Lushoto, kwa joto la Dar la Januari utapoteza muda na mbegu. Saladi nayo najaribu mwezi wa sita mpaka wa nane tu, zaidi ya hapo inakimbilia kutoa maua na majani yanakuwa machungu.

Hoho ilinifundisha sana. Nyekundu bei yake ni karibu mara tatu ya kijani, nikadhani ni mmea mwingine mgumu, kumbe hoho nyingi za kijani ukiziacha kwenye mti wiki kadhaa zinaiva zinakuwa nyekundu. Mkulima anakudai zile wiki za kusubiri na zile zilizooza akisubiri. Nyumbani kusubiri huna shida nako. Ila nunua mbegu dukani, usitoe kwenye hoho uliyonunua, nyingi ni chotara na watoto hawafanani na mama.

Na vingine hata mbegu huhitaji. Mnanaa chukua shina kutoka kwenye pakiti hilohilo, toa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji, baada ya wiki moja hivi utaona mizizi. Rehani hivyohivyo. Vitunguu vya majani ukikata acha kile kipande cha chini chenye mizizi ukichomeke kwenye udongo. Giligilani nunua zile punje nzima za duka la viungo, zisage kidogo kwa chupa zigawanyike mbili, loweka usiku mmoja, sia mahali penye kivuli cha mchana, na ukishasia sia tena baada ya wiki mbili maana haikai muda mrefu.

Hesabu hii irudie kabla ya masika. Mvua za mwezi wa tatu mpaka wa tano zikipiga, bustani za mabondeni zinajaa maji na hata fungu la genge linapungua ukubwa huku bei inapanda. Mimi mwezi wa pili naanza kujaza viroba udongo na samadi ya mbuzi iliyokaa, navipanga barazani chini ya bati ambapo mvua haipigi moja kwa moja, na kipindi hicho mchicha unaingia kwenye kidaftari kwa haki kabisa.