Umewahi kurejesha bakapu?

Faili lilikuwa na baiti 20. Nililitazama, nikatoka nje kupunga upepo, nikarudi. Bado 20. Lilitakiwa liwe bakapu, yaani nakala ya akiba, ya hifadhidata nzima, na hifadhidata yenyewe ilikuwa imekufa na diski yake nusu saa kabla.

Wiki tatu nyuma nilikuwa nimebadilisha nywila ya hifadhidata, nikasahau kuibadilisha kwenye skripti ya bakapu, ile orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe kila usiku. Skripti ile ilichota data na kuipitisha moja kwa moja kwenye gzip, programu ya kubana faili, ibanwe. Uchotaji ulishindwa kila usiku, lakini gzip ilipokea utupu, ikaubana kwa uaminifu wake wote, ikatoa jibu kwamba kazi imekamilika. Bash nayo, programu inayoendesha amri za skripti, mnyororo wa amri unapoisha, huangalia jibu la amri ya mwisho tu, isipokuwa umeielekeza vingine kwa mstari mfupi wa set -o pipefail. Utupu uliobanwa namna hiyo huwa na baiti 20 kamili. Tuliponea kwenye nakala ya mwezi uliopita iliyokuwa imesahaulika kwenye kompyuta ya mtu wa ripoti. Siku zilizokosekana watu waliziingiza kwa mkono, huku wakinitupia jicho.

Ndiyo maana kijana akinijia na orodha ya vyeti anavyotaka kusomea ili awe mhandisi wa miundombinu ya TEHAMA, mimi humuuliza: umewahi kurejesha bakapu? Si kuichukua. Kuirejesha, kwenye mashine tupu, mpaka programu ikawaka na watu wakaingia. Wengi hucheka, wakidhani natania.

Wala si kosa la wadogo peke yao. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watengeneza programu kazi zao, alifuta data kwenye seva kuu ya hifadhidata akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Walikuwa na njia kadhaa za bakapu. Walipozigeukia wakakuta ile ya kila siku ilikuwa ikishindwa kimyakimya, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono, kwa shughuli nyingine kabisa, kama saa sita kabla ya ajali. Kampuni ilieleza yote hadharani, na kwa hilo nawavulia kofia.

Kazi yetu ni seva, mitandao, diski, mashine pepe (kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta halisi), huduma za wingu, na kila kinachoviunganisha. Vikitulia hakuna anayejua tupo. Vikiyumba, simu kumi zinaita kwa pamoja na kila mmoja ana neno lilelile: "Intaneti imekufa." Mara nyingi haijafa. Hapo unahitaji utaratibu wa kushuka ngazi kwa ngazi. Kebo imechomekwa? Mashine imepata anwani ya IP? Inaifikia ruta? Inafikia anwani ya nje kwa namba lakini si kwa jina? Basi shida iko kwenye DNS, mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za namba; acha kuisumbua ruta. Nimeona watu wazima wakiwasha upya seva mara nne kwa sababu ya cheti cha TLS, kile kinachoithibitisha seva kwa wanaoiunganikia, kilichoisha muda usiku ule. Nami nimewahi kupoteza asubuhi nzima na seva iliyokataa kuandika faili huku df -h, amri ya kutazama nafasi ya diski, ikionyesha nafasi tele. Kumbe inodi, zile nafasi za kusajili kila faili kwenye diski, ndizo zilizokuwa zimekwisha, na df -i ingeniambia kwa sekunde moja.

Kwa hiyo anza na Linux na mitandao, tena kwa kina. Jua mtandao wa ukubwa wa /24 una anwani ngapi za IP bila kufungua kikokotoo. Wingu litakuja, na lenyewe ni seva za mtu mwingine zenye DNS ileile na ruta zilezile. Ansible na Terraform, zana za kuandaa seva nyingi kwa pamoja, nazo nazipenda, ila ukiwa hujui kusanidi seva moja kwa mkono, zitakusaidia kuharibu mia kwa mpigo. Kompyuta moja ya zamani yenye mashine pepe tatu inatosha kuanzia. Ijenge, ivunje, ijenge tena.

Jambo jingine ambalo sijaliona kwenye mtihani wowote: jiulize utaingiaje siku mlango wenyewe ukifungwa. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea kwa muda wa saa sita hivi baada ya amri ya matengenezo kukata mtandao unaounganisha vituo vyao vya data. Seva zao za DNS zikaacha kutangaza njia za kuzifikia kwa BGP, utaratibu ambao mitandao hutumia kuelezana njia, na zana za ndani za wahandisi zikazimika pamoja na mtandao uleule zilioutegemea. Tangu hapo maelezo yangu ya dharura nayaweka pia mahali pasipotegemea seva zetu. Mengine yako kwenye karatasi. Cheka ukitaka.

Siku hizi kila mwezi tunachagua bakapu moja bila kutangaza na kuirejesha. Mara ya kwanza ilituchukua siku nzima. Juzi ilichukua dakika 47, na aliyeifanya ni kijana mwenye miezi miwili kazini, akifuata ukurasa niliouandika mimi. Alikuta hatua mbili nilizoziruka, akaziongeza kwa mwandiko wake.